Jinsi ya Kupima Latitudo kwa Kivuli na Kuisoma Tabianchi ya Mahali Popote

Ramani ya tabianchi inayobandikwa kwenye kuta za madarasa huigawa dunia katika mikanda ya rangi, na mwanafunzi huikariri mikanda hiyo bila kuambiwa ilitoka wapi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: unaanza na fimbo iliyosimamishwa uwanjani, unapima kivuli chake, na kutokana na kivuli hicho unajenga mikanda hiyo hatua kwa hatua. Uganda ni mahali pazuri mno pa kufanyia kazi hii. Ikweta inaikata nchi, na mtu anayesafiri kwa barabara ya Masaka huivuka Kayabwe, wilayani Mpigi, takriban kilomita 72 kutoka Kampala. Zaidi ya hayo, joto letu hubadilika kidogo sana mwaka mzima, kwa hiyo tunaweza kuona waziwazi jambo ambalo wakazi wa nchi za baridi hulikosa kwa kushughulishwa na majira yao: kwamba karibu na Ikweta, latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka Ikweta kwa digrii, huamua mvua kuliko inavyoamua joto.

Kusimamisha fimbo

Tafuta uwanja tambarare usiofikiwa na kivuli cha mti wala nyumba kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Chimbia fimbo iliyonyooka hadi ibaki mita moja kamili juu ya ardhi. Kinachoamua ubora wa kazi yote ni timazi, hata kama ni jiwe tu lililofungwa kwenye uzi, kwa sababu fimbo iliyoinama digrii moja kuelekea kaskazini au kusini itakuhamisha kilomita 111 kwenye ramani, huo ukiwa ndio urefu wa digrii moja ya latitudo. Ardhi nayo ikaguliwe kwa pimamaji. Ikiwa ina mteremko, laza ubao mpana na uusawazishe kwanza.

Kwenye ncha ya fimbo bandika kidonge cha udongo wenye ukubwa wa gololi. Jua si nukta. Lina upana wa karibu nusu digrii angani, na kwa sababu hiyo ncha ya kivuli cha fimbo tupu huwa na ukungu wa kiasi cha sentimita moja, usijue kivuli kinaishia wapi. Kidonge hutoa doa la mviringo ambalo kitovu chake huonekana bila ubishi. Mita moja yako basi ihesabiwe kutoka ardhini hadi katikati ya kidonge, na kivuli kipimwe kutoka chini ya fimbo hadi katikati ya doa.

Kuipata adhuhuri ya kweli

Kipimo tunachokitaka ni cha wakati jua lilipo juu kabisa kwa siku hiyo, na wakati huo haulingani na saa sita ya kwenye simu. Saa za Afrika Mashariki zimefungamanishwa na longitudo ya digrii 45 Mashariki, ilhali Kampala iko karibu digrii 32.6. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo jua hufika juu ya Kampala takriban dakika 50 baada ya saa sita. Hata hizo dakika 50 hazitulii, kwa kuwa njia ya Dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama: mwanzoni mwa Novemba adhuhuri ya Kampala hufika mnamo saa sita na dakika 33, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa saba na dakika 4. Mtu wa Mbale humtangulia mtu wa Arua kwa dakika zipatazo 13.

Badala ya kuitegemea saa, mwachie jua mwenyewe aamue. Mnamo saa tano na nusu, funga uzi kwenye fimbo, uufikishe kwenye doa la kivuli, kisha uzungushe na kuchora duara ardhini. Weka kokoto mahali doa lilipo. Kivuli kitafupika na kuingia ndani ya duara, halafu alasiri kitarefuka na kuligusa tena upande wa pili, na hapo utaweka kokoto la pili. Gawanya kwa nusu umbali kati ya makokoto hayo mawili, na mstari utakaotoka kwenye nusu hiyo hadi kwenye fimbo ndio mstari wa kaskazini na kusini. Kesho yake, doa la kivuli likivuka mstari huo, pima: hicho ndicho kivuli cha adhuhuri. Njia ya kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote inafaa zaidi mwezi Machi na Septemba, lakini mwezi Juni au Desemba kivuli cha adhuhuri hukawia bila kubadilika urefu kwa dakika nyingi, nawe utabaki unakisia.

Kukigeuza kivuli kuwa latitudo

Kwenye karatasi chora mstari wima wa sentimita 20 uwe ndio fimbo, na chini yake mstari wa kulala uwe ndio kivuli, ukigawanya urefu halisi wa kivuli kwa 5. Unganisha ncha mbili zilizobaki, kisha upime kwa kipimapembe pembe iliyoko juu, kwenye ncha ya fimbo. Pembe hiyo ndiyo umbali wa jua kutoka utosini mwako.

Sasa unahitaji kujua jua liko utosini mwa nani siku hiyo. Tarehe 21 Machi na 23 Septemba, au siku moja kabla, liko juu ya Ikweta. Tarehe 21 Juni limefika digrii 23.4 Kaskazini, na mnamo tarehe 21 Desemba liko digrii 23.4 Kusini. Katikati ya vituo hivyo halitembei kwa mwendo mmoja: tarehe 21 Aprili na 21 Agosti liko karibu digrii 12 Kaskazini, tarehe 21 Mei na 21 Julai karibu digrii 20 Kaskazini, tarehe 21 Oktoba na 21 Februari liko karibu digrii 11 Kusini, tarehe 21 Novemba na 21 Januari karibu digrii 20 Kusini. Huenda haraka linapovuka Ikweta na hujikokota linapokaribia kugeuka.

Kanuni ya mwisho ni fupi: wewe uko upande ule ambao kivuli chako cha adhuhuri kinaelekea, ukihesabu kutoka latitudo ambayo jua liko utosini. Mwezi Juni fimbo ya mita moja huko Kampala hutoa kivuli cha sentimita 43 kinachoelekea kusini, ambacho ni pembe ya digrii 23.1, basi ondoa 23.1 kwenye 23.4 na utabaki na digrii 0.3 Kaskazini, ndipo Kampala ilipo. Siku hiyohiyo kivuli cha Gulu ni sentimita 38 na cha Kabale ni sentimita 46. Desemba mambo hugeuka, vivuli vikaelekea kaskazini: Gulu sentimita 49, Kampala 44, Kabale 41. Ikiwa shule ya Gulu na shule ya Kabale zitapima siku moja na kutumiana majibu kwa simu, tofauti ya sentimita 8 itazionyesha mviringo wa Dunia bila picha ya setilaiti. Eratosthenes alifanya hivyohivyo katika karne ya 3 kabla ya Kristo: alitumia tofauti ya pembe kati ya Aswan, ambayo wakati huo iliitwa Syene, na Alexandria, akaikuta ni sehemu moja ya 50 ya duara, na kutokana nayo akaukadiria mzingo wa Dunia nzima. Usitarajie usahihi mkubwa, lakini; kosa la sentimita moja kwenye kivuli cha Juni ni kosa la takriban nusu digrii, yaani zaidi ya kilomita 50.

Kuhusu yale mabeseni ya Kayabwe, ambamo maji huonyeshwa yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine hatua chache kusini mwake: ni mchezo wa mikono tu. Mzunguko wa Dunia hugeuza vimbunga na pepo za baharini, lakini kwenye Ikweta yenyewe nguvu hiyo ya kugeuza ni sifuri, na ndani ya beseni haiwezi kushinda namna maji yalivyomiminwa. Mtazame mwenye beseni, ulipe ukipenda, kisha urudi kwenye fimbo yako.

Kutoka pembe hadi joto

Usiku, mulika ukuta kwa tochi, kwanza ukiielekeza moja kwa moja, kisha kwa kuilaza. Duara la mwanga hurefuka na kufifia, ingawa tochi ni ileile. Jua la utosini huiangazia mita moja ya mraba ya ardhi kwa mita moja ya mraba ya miale. Likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, miale hiyohiyo hutandazwa kwenye mita 2 za mraba. Likiwa digrii 15, kwenye karibu mita 4. Miale iliyolala pia hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutua, na njiani hewa hiyo hunyonya na kutawanya sehemu yake.

Kampala jua la adhuhuri halishuki kamwe chini ya digrii 66, kwa hiyo hata katika siku yake dhaifu hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu ya pembe. London, iliyoko digrii 51.5 Kaskazini, hupata jua la digrii 62 mwezi Juni na la digrii 15 tu mwezi Desemba, na fimbo ya mita moja hutoa huko kivuli cha mita 3.7. Ongeza urefu wa mchana: kwetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, London ni zaidi ya saa 16 na nusu mwezi Juni na chini ya saa 8 mwezi Desemba. Jua dhaifu linalokaa muda mfupi ndilo linaloitwa majira ya baridi. Umbali kutoka jua hauhusiki. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152, wakati London inaota joto.

Mistari mikubwa ya ramani inatokana na mwinamo wa mhimili wa Dunia, ambao ni digrii 23.4. Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni ni mipaka ya mahali ambapo jua laweza kufika utosini. Ukiondoa 23.4 kwenye 90 unapata 66.6, na kuanzia latitudo hiyo kuelekea ncha za Dunia kuna angalau siku moja kwa mwaka ambayo jua halichomozi na moja ambayo halitui. Kati ya kila Tropiki na latitudo hiyo ya 66.6 ndiko kwenye kanda za wastani, ambako jua halifiki utosini wala halikosekani siku nzima. Jambo la kushangaza ni kwamba mnamo 21 Juni, ukihesabu saa zote 24, Ncha ya Kaskazini hupokea juu ya angahewa nishati nyingi kuliko Ikweta, kwa kuwa jua halitui. Hata hivyo haliinuki zaidi ya digrii 23.4, theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wake, na kiasi kinachobaki hutumika kuyeyusha barafu badala ya kupasha hewa joto.

Kuifuata Nile

Kwa msomaji wa Uganda hakuna somo la mikanda lililo bora kuliko mto unaoanzia Jinja. Chukua ramani, fuata Nile kuelekea kaskazini, na kila mji uuulize maswali mawili: jua liko utosini lini, na mvua inanyesha lini?

Kwanza uelewe mtambo unaoleta mvua. Mahali jua linapopiga wima, ardhi hupata joto, hewa hupanda, mvuke uliomo hupoa na kugeuka mawingu. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake husafiri juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na latitudo 30, na hewa inayoshuka hupata joto na kukausha mawingu. Kule chini hurudi Ikweta ikiwa upepo. Mwingereza George Hadley alieleza mzunguko wa namna hii mwaka 1735, nao unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mkanda wa hewa inayopanda hulifuata jua kaskazini na kusini, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa, maana ardhi na maji huchukua muda kupata joto.

Jinja na Kampala, zilizoko chini ya nusu digrii kutoka Ikweta, hupitiwa na mkanda huo mara mbili. Jua likivuka mwezi Machi, mvua za toggo hunyesha hadi Mei na kushika kasi mwezi Aprili; likivuka tena Septemba, mvua za ddumbi huendelea hadi Novemba au Desemba. Mkulima anayepanda maharage mara mbili kwa mwaka anapanda kwa kufuata safari ya jua, awe ameisoma jiografia au hajaisoma.

Panda hadi Gulu na Kitgum, karibu digrii 3 Kaskazini. Hapa vipindi viwili vimesogeleana hadi vimekuwa karibu kimoja, kuanzia Aprili hadi Oktoba au Novemba, na kuanzia Desemba hadi Machi, jua likiwa kusini, kiangazi huwa kikali na nyasi hukauka. Huko Juba, karibu digrii 5, mtindo ni uleule. Khartoum, digrii 15.6, msimu umefupika na kubaki mvua chache za Julai hadi Septemba, na jumla ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 200, wakati Jinja hupata zaidi ya 1,000. Aswan, digrii 24, iko pembeni kidogo tu mwa Tropiki ya Kansa, na hapo miaka yaweza kupita bila mvua ya maana. Msimu umetoweka kabisa, kwa kuwa tumefika chini ya hewa inayoshuka. Sahara, Kalahari na majangwa ya Australia yote yako katika jirani ya latitudo hizo. Kisha, ukifika Alexandria, digrii 31, mvua inarudi, ila inarudi mwezi Desemba na Januari. Si mvua yetu tena: inaletwa na pepo za kanda ya wastani zinazotoka magharibi na kuteremka kusini wakati wa baridi. Mto mmoja umekatiza kanda za Ikweta, savana, jangwa na Mediterania, na yote hayo yamepangwa na pembe ya jua.

Safari hiyo pia hujibu swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: mbona Khartoum ni moto kuliko Jinja iliyo karibu na Ikweta? Mwezi Mei jua liko utosini mwa Khartoum, mchana una takriban saa 13, mawingu hakuna, na ardhi kavu haina maji ya kuyageuza mvuke, hivyo joto lote hubaki kwenye mchanga na hewa. Jinja ina Ziwa Victoria mlangoni, mawingu ya alasiri, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 dhidi ya chini ya mita 400 za Khartoum.

Kurekebisha makadirio

Latitudo hukupa jua, lakini jua si tabianchi nzima. Rekebisho la kwanza ni la mwinuko. Chukua miji mitatu yenye jua moja: Singapore, Kampala na Quito, yote ndani ya digrii moja na nusu kutoka Ikweta. Singapore, iliyo usawa wa bahari, ina wastani wa karibu digrii 28 za Selsiasi. Ondoa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kampala, mita 1,200, kwa hesabu hiyo inatoka 21, na kwa kweli ni karibu 22. Quito, mita 2,850, inatoka 11, ilhali kwa kweli ni karibu 14, kwa sababu uwanda mpana wa juu hupashwa joto na jua lake mwenyewe. Kilele cha Margherita katika Rwenzori, mita 5,109, kinatoka chini ya sifuri, na barafu yake, ingawa imepungua sana tangu ilipofikiwa mara ya kwanza mwaka 1906, ipo karibu kabisa na Ikweta. Wladimir Köppen, ambaye mfumo wake wa kanda ndio unaotumika zaidi duniani, aliweka kiwango cha tropiki kuwa digrii 18 katika mwezi ulio baridi kuliko yote. Kampala inapita kwa raha. Kabale, iliyo kwenye vilima vya mita 1,800 na zaidi, haifiki, ingawa imo ndani kabisa ya tropiki kwa kipimo cha kivuli.

Rekebisho la pili ni la maji na pepo, nalo halina hesabu nyepesi. Mogadishu iko digrii 2 Kaskazini, kusini kidogo mwa latitudo ya Gulu, na fimbo ya mita moja ikisimamishwa huko mwezi Juni kivuli chake kitazidi cha Gulu kwa sentimita moja na kidogo. Kwa kivuli peke yake ungebashiri savana yenye mvua ya miezi saba. Ila pepo za msimu za huko huvuma sambamba na pwani badala ya kuingia bara na unyevu, na katikati ya mwaka huyavuta maji baridi kutoka vilindini mwa bahari kando ya pwani ya Somalia, maji ambayo hayatoi mvuke mwingi. Mogadishu kwa hiyo hupata chini ya nusu ya mvua ya Gulu. Unapoipima sehemu usiyoijua, basi, kadiria kwanza kwa jua, ondoa mwinuko, halafu fungua ramani ya pepo na mikondo ya bahari uangalie upepo wa msimu wa mvua unatoka wapi na umepita juu ya nini.